Nyumba ya Mtu Mmoja

Barua ilifika Jumanne, na Eirlys Prosser hakuifungua mpaka Alhamisi. Siku mbili aliilaza chini ya kopo la sukari, akawa anakunywa chai bila sukari ili tu asije akaliinua kopo lile. Haya alinieleza mwenyewe aliponigongea mlango asubuhi hiyo ya Alhamisi, bahasha mkononi bado haijachanwa, midomo imemkauka.

"Zai, nisomee wewe. Macho yangu leo hayatulii."

Macho yake yalikuwa mazima. Kilichokuwa hakitulii ni moyo. Nikamkalisha jikoni, nikaichana bahasha kwa kisu cha siagi, nikasoma. Ofisi ya ruzuku mjini ilisema imepata taarifa zinazotia shaka kama kweli Bi. E. Prosser anaishi peke yake, kama alivyojaza kwenye fomu. Anatakiwa afike kuhojiwa tarehe kumi na tisa Februari, saa tatu na nusu asubuhi. Aje na karatasi zake za benki. Anaweza kuja na mtu mmoja wa kumpa moyo, ila mtu huyo asijibu badala yake. Maneno yatarekodiwa, na yanaweza kutumika mahakamani. Asipofika bila sababu, malipo yake yatafungwa.

"Rudia hapo kwenye mahakama," alisema.

Nikarudia.

"Basi nimekwisha."

"Hujakwisha. Umeitwa tu."

"Zai, umekaa hapa miaka ishirini na mbili. Umewahi kuona mtu anaitwa kwa barua ya namna hii akaenda kupewa zawadi?"

Nikamtilia sukari kwenye chai.

Nyumba yangu na yake ziko mtaa mmoja pale Cwmbrwyn, bonde la makaa ya mawe lisilo na makaa tena, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama meno. Akikohoa kwake, mimi huku nasema pole. Nilikuja Wales kufanya kazi ya uuguzi, nikiwa na mume na sanduku moja. Mume alitangulia, sanduku bado lipo. Mwaka niliofiwa, Eirlys aliniletea sufuria ya mchuzi wa kondoo kila Jumapili, mpaka siku nikamwambia, dada, sasa acha kuleta, njoo tule pamoja. Ndiyo ikawa desturi yetu.

Alikuwa na miaka hamsini na sita. Akiwa na kumi na saba aliingia kiwanda cha suruali, akashona zipu miaka thelathini na moja, mpaka kiwanda kikahamishiwa nchi ambako mshonaji analipwa kidogo zaidi. Mara mama yake akaanguka kwa kiharusi. Miaka minane Eirlys alimgeuza kitandani, akamlisha, akamwogesha. Mama alipozikwa, binti alibaki na vidole vilivyovimba viungo, nyumba ya kupanga, na ruzuku.

Mfumo mpya ulikuwa umekuja mama angali hai. Serikali iliziunganisha ruzuku zote zikawa malipo mamoja ya mwezi, ikaweka masharti mawili makubwa: anayeweza kufanya kazi aitafute na aonyeshe saa alizotumia kuitafuta, na kila nyumba ikaguliwe, asiwepo wa kula mara mbili. Msidhani watu wa bonde walilia. Wengi walishangilia, na aliyeshangilia kuliko wote ni Eirlys. Nilikuwepo kilabuni jioni habari ilipotangazwa.

"Mimi nimelipa kodi tangu nina miaka kumi na saba!" alisema, glasi mkononi. "Mtaani hapa kuna watu kazi yao ni kuumwa. Jumatatu mpaka Ijumaa mgongo, Jumamosi raga!"

Watu wote wakacheka, wakamgeukia Dilwyn Maddocks, aliyekuwa akilipwa kwa ajili ya mgongo mbovu, na kila Jumamosi anasukumana uwanjani na timu ya pili ya kijiji. Haikupita nusu mwaka akakamatwa. Mtu alipiga ile simu ya siri ya kuwasema wadanganyifu, wapelelezi wakaja na kamera, wakampiga picha kabeba mwanamume mwenzake mabegani baada ya ushindi. Mahakama ilimpa kazi ya kufagia makaburi bila malipo na ikamwamuru arudishe alichokula. Tangu hapo hata watoto wanamwita Dilwyn Mgongo. Aliyepiga simu hakujulikana.

Kwa hiyo barua ya Eirlys ilipokuja, aliyeitwa mdanganyifu alikuwa mtu aliyewachukia wadanganyifu kuliko sote. Na la kuumiza zaidi, haikuwa uzushi mtupu. Palikuwa na Idwal.

Idwal Beynon aliendesha basi la bonde tangu ujana mpaka anastaafu, na kwa kuwa Wales watu huitwa kwa kazi zao, sote twamwita Idwal Basi. Jina hilo hunichekesha mimi peke yangu, maana Idwal ni mtu asiyejua kusema basi. Ukimpakulia viazi vitano, anatazama sufuria. Mjane, miaka sitini na saba, mpole. Alianza kuja kwa Eirlys chakula cha Jumapili. Halafu akaja na Jumatano, kutazama ule mchezo wa maswali kwenye televisheni. Oktoba akapasuliwa moyo. Hospitali ilipotaka kumruhusu, wakamuuliza nyumbani kuna nani. Nyumbani kwake ni chumba juu mlimani, ngazi arobaini na moja, hakuna mtu. Eirlys, aliyekuwa kasimama pale na mfuko wa zabibu, akasema, "Aje kwangu."

Aje wiki mbili, walikubaliana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Idwal siku ya tatu alilitafuta jembe mwenyewe: akawa anamenya viazi amekaa, akatengeneza bawaba ya mlango, akaanza kuanika nguo. Krismasi ikapita yuko palepale. Kama alikuwa mgeni au mume, sisi majirani hatukuuliza, na nadhani wao wawili waliogopa kuulizana.

Sheria haikuwa na woga huo. Watu wawili wanaoishi kama mume na mke ni nyumba moja, wanapimwa pamoja, na pensheni ya mmoja inapunguza ruzuku ya mwingine. Eirlys alijaza fomu ya nyumba ya mtu mmoja.

"Ni Morfydd," alisema siku ile ile, chai haijapoa. "Ni yeye aliyenisema."

Morfydd Pugh anakaa ng'ambo ya barabara, na ni kweli dirisha lake halina pazia. Nilimwambia Eirlys aache, hana ushahidi. Lakini mtu mwenye hofu anataka uso wa kuielekezea. Kesho yake tulikuwa dukani, foleni ya mkate, Morfydd akaingia kuchukua maziwa.

"Wamekupa ngapi, Morfydd?" Eirlys aliuliza kwa sauti.

"Ngapi ya nini?"

"Ya kuniuza."

Morfydd alimtazama juu mpaka chini. "Eirlys Prosser, ningetaka kukuuza ningekuuza mwaka ule ulipoimba peke yako kanisani. Tungepata hata nauli ya kukimbia."

Watu wawili wakacheka. Pangeishia hapo pangekuwa pazuri. Lakini Eirlys alikuwa hajalala siku tatu.

"Ndiyo maana mwanao haji hata Krismasi," alisema. "Nani ataka kuhesabiwa hatua zake mlangoni kwa mamake?"

Mwana wa Morfydd yuko Australia, na sote twajua mara ya mwisho kupiga simu ni lini. Morfydd aliiweka chupa ya maziwa juu ya meza ya muuzaji, polepole, akatoka bila kuichukua.

Jioni hiyo Idwal alifunga mizigo yake. Nilikuwa nimepeleka supu. Nikawakuta wamesimama chumbani, begi katikati yao.

"Sitaki upelekwe kizimbani kwa ajili ya pijama zangu," alisema Idwal.

"Na ngazi je? Daktari alisema nini kuhusu ngazi?"

"Nitapanda mara moja nikae huko huko."

"Ukianguka?"

"Nitakupigia simu."

"Usinipigie!" Eirlys alishika mikono ya sweta lake. "Wanaweza kuangalia simu. Wataona kila siku tunaongea, watasema ona." Akafikiri, nami nikaona hofu inavyomfundisha mtu mzima mambo ya kitoto. "Kila asubuhi saa moja, piga, iache ilie mara mbili, ukate. Mimi sitapokea. Nitajua umeamka."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi saa moja kamili, kupitia ukutani, nilisikia simu yake: mara mbili, kimya. Kisha bomba la maji linafunguliwa, anajaza birika. Nami kitandani kwangu nikajikuta nangoja mlio ule kabla sijainuka, kama ni wangu.

Siku zilikwenda na Eirlys akikonda. Mwanamume mgeni akipita mtaani na begi, anazima taa. Alitoa mswaki wa Idwal bafuni akautupa. Kesho yake akanunua mwingine mpya dukani, akautupa na huo kwenye pipa langu, ili usikutwe kwake. Aliniuliza kama wapelelezi wanaweza kujua idadi ya viazi ambavyo mtu mmoja anakula.

Wakati huohuo mshauri wake wa ofisi ya ruzuku alikuwa akimbana atafute kazi, kama mfumo unavyotaka. Mimi nilisikia kuwa sehemu ya kufulia ya nyumba ya wazee pale chini ya kanisa, sisi huiita dobi, inatafuta mtu wa kukunja na kupiga pasi mashuka. Nilipomwambia alishtuka.

"Nikipata kazi sasa, watasema siku zote niliweza."

"Na usipopata watasema hutaki."

"Kwa hiyo vyovyote nimenaswa."

"Kwa hiyo afadhali unaswe ukiwa na mshahara."

Alicheka, mara ya kwanza mwezi ule. Wakampa saa kumi na sita kwa wiki. Wiki ya kwanza vidole vilimuuma mpaka akalia. Wiki ya pili akanieleza kwa majivuno kwamba katika dobi lile zima hakuna ajuaye kukunja shuka la lastiki isipokuwa yeye. Nilidhani ameanza kupata nafuu. Kumbe kuna jambo lilikuwa linamla.

Dereva wa gari la dobi, anayepeleka na kurudisha mashuka, alikuwa Dilwyn Mgongo. Hakupata kazi nyingine baada ya kesi. Alipoona vidole vya Eirlys, alimsogezea kiti karibu na bomba la joto, akawa anamletea chai saa nne bila kuombwa.

"Ni mimi niliyempigia simu," Eirlys aliniambia Jumapili moja, kijiko cha mchuzi kimesimama hewani.

"Kumpigia nani?"

"Dilwyn. Ile simu ya siri. Ni mimi, Zai."

Nikaweka kijiko changu.

"Alikuwa anadanganya," alisema.

"Alikuwa anadanganya kweli."

"Basi nilikuwa na haki. Sasa mbona nikiletewa chai na mtu yule haipiti kooni?" Alijifuta mdomo ingawa ulikuwa mkavu. "Nikwambie na jingine. Sikupiga simu kwa sababu ya kodi wala nchi. Siku ile mama alikuwa amelia tangu alfajiri, hataki kugeuzwa. Nje wakapita wanaimba, wameshinda, yeye yuko mbele, mzima, anacheka. Nikanyanyua simu."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Tukamaliza mchuzi umepoa.

Tarehe kumi na tisa ikafika na barafu. Tulikuwa tumepanga: basi la saa mbili na dakika kumi, ndilo pekee linalowahi mjini. Niliamka mapema, nikavaa, nikakaa kitandani nikisikiliza ukuta.

Saa moja. Kimya.

Saa moja na dakika tano. Sikusikia bomba. Dakika kumi. Nikasikia mlango wake, kisha wangu unapigwa kwa kiganja.

"Haijalia," alisema. Alikuwa na koti, na chini bado ana ndala za ndani. "Nimempigia mimi. Haiiti hata kuita. Imekufa tu."

"Pengine waya."

"Pengine moyo."

Tulisubiri, yeye amesimama, mimi nikihesabu dakika kwenye saa ya jiko. Tulipiga tena mara nne. Ilipofika saa mbili kasoro robo nikamshika mabega. "Sikiliza. Wewe vaa viatu uende kwenye basi. Ukikosa leo wanafunga malipo na wanasema umekimbia. Mimi napanda kwa Idwal. Nimekuwa muuguzi, nikikuta jambo najua la kufanya."

Aliitikia kwa kichwa. Akavaa viatu, akachukua mkoba wenye karatasi zake, akatoka. Mimi nikainama kufunga kamba za buti. Nilipoinuka, kupitia dirishani nilimwona akifika kituo cha basi, akakipita, hakugeuza hata shingo, akaanza kupanda mlima.

Nilimfuata nikimwita, sauti inatoka na mvuke. Barabara iling'aa kama sahani. Alishika reli kwa mikono yote miwili, mkoba unamning'inia shingoni. Zile ngazi arobaini na moja sikuzihesabu. Nasikia alizihesabu yeye. Nilipofika juu alikuwa akiupiga mlango kwa ngumi. "Idwal! Idwal! Fungua, mwanamume wewe!"

Ndani hakuna sauti. Kisha kitu kikaburuzwa. Kisha komeo.

Idwal alisimama mlangoni amevaa koti zito, kofia, na soksi mikononi. Chumba nyuma yake kilikuwa giza, na baridi yake ilitoka ikatukuta nje.

"Umeme umeisha kwenye kadi ya mita," alisema kwa aibu. "Na hii simu bila umeme haifanyi kazi. Nilingoja duka lifunguliwe nikaongeze, halafu nikaogopa ngazi, zina barafu. Nikajua utaudhika."

Eirlys aliinua mkono ampige kifuani. Akakumbuka kilichopasuliwa pale, mkono ukageuka njiani ukampiga begani. Halafu akamwegemea, akalia kilio cha sauti, watu wa chumba cha pili wakafungua mlango kutazama. Chini bondeni basi lilipita, taa zake zinawaka, likaenda.

Nilimtia Idwal kwenye blanketi, nikampima mapigo, nikawaomba jirani zake wamweke pale kwao karibu na joto. Yeye akawa ananiambia, "Mpeleke, mpeleke, saa inakwenda." Kumpeleka kwa usafiri gani? Teksi hakuna bondeni kwetu. Tulishuka mlima Eirlys akiwa hasemi. Tulipofika kwenye nyumba ya wazee, gari la dobi lilikuwa uani, injini inanguruma, na Dilwyn anapakia magunia.

Eirlys alisimama.

"Dilwyn," alisema. "Unakwenda mjini?"

"Nakwenda kuchukua sabuni. Kuna nini, umekuwa mweupe."

"Nina mahojiano. Ofisini kule. Saa tatu na nusu."

Dilwyn aliutupa mfuko wa mwisho ndani. "Ofisi ile? Panda. Kuna chumba chao namba mbili, kiti cha kushoto kinayumba, usikikalie. Kinakufanya uonekane mwongo."

Tulikaa watatu mbele, Eirlys katikati. Njia nzima aliangalia kioo cha mbele. Dilwyn aliendesha kwa uangalifu kwa sababu ya barafu, akaongea ili kumtuliza, na kwa kila neno lake nilihisi bega la Eirlys likikaza.

"Ukijua unajibu kweli, jibu fupi. Mimi nilijibu uongo na nikajibu mrefu." Akacheka. "Zamani nilikuwa nalala nikiwaza ni nani aliyenisema. Siku hizi siwazi sana. Nilikosa, nililipa, nina kazi."

"Na ukimjua leo?" Eirlys aliuliza, sauti ndogo.

Dilwyn akafikiri mpaka tukamaliza kona. "Sitamfanya kitu. Ila lifti simpi."

Eirlys aliukumbatia mkoba wake mpaka mjini.

Tulichelewa dakika kumi na mbili. Afisa alikuwa kijana mwenye mafua, Bwana Cadogan, mpole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. Akawasha chombo cha kurekodi, akasoma lile onyo la mahakama. Mimi nilikaa nyuma kidogo, kinywa nimekifunga kama nilivyoagizwa. Eirlys alikuwa amekalia kiti cha kulia.

"Kwanza ujue," alisema kijana, "si lazima mtu awe amekusema. Katika jambo lako hakuna aliyekusema. Bwana Beynon aliomba barua za pensheni yake zije kwenye anwani yako. Kompyuta ya mfumo mpya imelinganisha majina mawili na anwani moja, ikatoa alama. Ni hivyo tu."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Ah," alisema Eirlys. "Morfydd."

"Morfydd ni nani?"

"Hayumo. Mungu wangu, hayumo kabisa. Endelea."

Akaendelea. Bwana Beynon alilala kwako usiku mara ngapi? Kila usiku, toka Oktoba ishirini na nne hadi Januari kumi. Analipa kodi ya nyumba? Hapana. Anachangia chakula? Analeta samaki Ijumaa. Nani hufua nguo zake? Mashine. Kijana alipenga kamasi, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mnakwenda safari pamoja? Tulikwenda ufukweni Porthcawl mara moja, mvua ikanyesha, tukarudi. Mmewahi kujitambulisha kwa watu kama mume na mke?

"Hapana," alisema Eirlys. "Sisi hatuthubutu hata kujitambulisha sisi kwa sisi."

Kijana aliandika. Kisha akainua macho. "Na leo umechelewa kwa nini?"

Angeweza kusema barafu. Angeweza kusema basi. Barafu ilikuwepo, basi lilikuwa limepita, wala isingekuwa uongo.

"Kila asubuhi hunipigia simu ilie mara mbili," alisema. "Leo haikulia. Nikaenda kumtazama."

"Ulijua kwamba ukikosa mahojiano malipo yanaweza kufungwa?"

"Nilijua."

"Hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda?"

Eirlys aligeuka akanitazama. Mimi ndiye mtu mwingine, na nilikuwa nimeshavaa buti.

"Alikuwepo," alisema. "Lakini nilitaka kwenda mimi."

Chombo kile kilikuwa na taa nyekundu ndogo. Sote watatu tukawa tunaitazama. Kisha Eirlys akaweka mikono yake mezani, ile mikono yenye vifundo, akasema, "Andika. Andika kwamba ni mume wangu. Cheti hatuna, lakini andika."

"Bi. Prosser," alisema kijana polepole, "neno hilo lina uzito kwenye malipo yako. Nakushauri ulifikirie kwanza."

"Nimelifikiria toka Oktoba, mwanangu. Andika."

Wiki tano tuliisubiri hukumu, malipo yamesimamishwa. Zilikuwa mbaya kuliko zile za kabla. Idwal alirudi kwa Eirlys siku ileile, hadharani, begi mkononi saa sita mchana, lakini nyumba nzima iliishi masikio yakiwa kwenye tundu la barua. Eirlys aliomba saa za ziada dobini. Alikula kwangu mara nyingi, akijifanya anapita tu.

Barua ilipokuja safari hii aliifungua palepale mlangoni, kwa meno. Hakuna mahakama. Walimwona hakukusudia kuiba, ila alipaswa kutoa taarifa Idwal alipopitisha zile wiki mbili. Kilichozidi atakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Na kwa kuwa sasa ni nyumba ya watu wawili, yenye pensheni na mshahara, ruzuku yake imekoma. Kwa hesabu za serikali nadhani ni ushindi: mtu mmoja ametoka kwenye ruzuku, ameingia kazini, udanganyifu umegunduliwa. Na siwezi kusema ni uongo, maana kazi ile anaipenda. Zile siku za kutupa miswaki sijui waliziandika kwenye safu gani.

Kwa Morfydd alikwenda na sahani ya vikate vya zabibu. Mlango haukufunguliwa. Akaenda tena, na tena. Mara ya nne Morfydd alifungua, akapokea sahani, akafunga. Kesho yake sahani ilikuwa kizingitini kwa Eirlys, imeoshwa. Sasa wakikutana dukani wanaitikiana kwa kichwa. Lakini Dilwyn, Eirlys hajamwambia mpaka leo. Anasema atamwambia, mimi sijui kama inafaa, na naona naye hajui. Chai ya saa nne bado analetewa, na anainywa yote.

Eirlys na Idwal walifunga ndoa Aprili, siku ya Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko ya Eirlys, mimi nikiwa shahidi. Idwal sasa ndiye mpishi, akiunguza viazi mara tatu kwa wiki na kuvila vyote.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kutoka Leicester na mumewe na watoto, nikaishiwa mahali pa kuwalaza. Nikamwomba Eirlys amchukue mmoja, msichana wa chuo, alale kwake siku mbili. Alikubali kwa furaha, akamtandikia. Kisha akatoa daftari kwenye droo, akavaa miwani.

"Jina lake kamili? Na tarehe ya kuzaliwa?"

"Dada," nilimwambia, "ruzuku hupati tena. Unamwandikia nani?"

"Sijui," alisema Eirlys, akilamba ncha ya kalamu. "Lakini wakija, wakute nimeandika."